Chuma Kisicho na Uso

Anayepita Jeddah na kupata nafasi ya kutembea ufukweni atakuta vyuma vikubwa vimesimamishwa bustanini, mahali pa wazi. Miaka ya 1970 meya wa mji, Mohamed Said Farsi, alianza kukusanya kazi za wachongaji mashuhuri wa dunia, akiwemo Alexander Calder, anayejulikana kwa mabamba ya chuma yaliyopakwa rangi. Sharti lilikuwa kwamba kazi zisiwe na umbo la mtu.

Je, sharti hilo linatosha? Kifiqhi lina msingi. Ibn Abbas (r.a.) alipoendewa na mtu aliyeishi kwa kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Bamba jekundu lililopindwa si mtu wala ng'ombe. (Kiswahili nacho hutatiza: neno sanamu tunalitumia kwa Hubal na kwa pambo la bustani vilevile.)

Wengi wetu hufunga mjadala hapo. Mimi naona ndipo unapoanza. Katika Sura Ash-Shu'araa, aya ya 128, Nabii Hud (a.s.) anawalaumu watu wake kwa kujenga alama kila mahali palipoinuka, kwa mchezo tu. Lawama yake haikugusa sura za alama hizo. Aya mbili mbele anawataja kwa ujabari wao.

Sasa tuje Kajaga. Tuseme tajiri mwenye bustani karibu na ziwa anawapa mafundi wa kuchomelea wa Buyenzi kazi ya umbo la chuma la mita nne, rangi ya manjano. Atatokea wa kusema: mwaka 2024 Tanganyika iliingia majumbani, pesa hiyo wangepewa waliohama Gatumba. Hoja nzito, ila ikiachwa bila kipimo itang'oa hata nakshi za misikiti yetu. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu apendaye nguo nzuri, hakuliita jambo hilo kiburi, kiburi alikieleza kuwa ni kukataa haki na kudharau watu.

Kwa hiyo mbele ya chuma kile cha manjano nisingeanza kwa kuuliza kinafanana na nini. Ningeuliza kama fundi amekwisha kulipwa, kama zaka ya mwenye bustani imetoka, na kama jirani ambaye nyumba yake iliingiwa na maji anafunguliwa lango, akae kivulini na watoto wake.