Chakula cha Jukwaani

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo. Chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala kilikuwa kinaandaa mchezo mpya, na kwa kuwa mimi sijui kuigiza wala kushona mavazi, niliambiwa nizungumze na mwandishi, mwongozaji na waigizaji nyuma ya pazia, kisha niandike kijitabu cha kurasa nne cha kuwagawia watazamaji mlangoni. Nilijiandaa kwa maswali ya kawaida: ulianza lini kuigiza, wazo ulilipata wapi, sehemu ipi ilikushinda. Katika mazungumzo hayo likazuka swali ambalo hadi leo halijaniacha. Je, mtu ana haki ya kuyapandisha jukwaani maumivu ya mwenzake ambaye hakuulizwa?

Mchezo wenyewe ni mfupi. Ni enzi ya Idi Amin. Usiku mmoja askari wanamchukua kijana, naye harudi tena. Mama yake kila jioni anapakua chakula, anajaza sahani ya mwanawe, anaifunika kwa jani la mgomba na kungoja. Mambo mengine ni machache sana. Askari anarudi mara mbili, jirani anapita, mvua inanyesha. Taa ya mwisho inapozimwa, sahani bado imefunikwa.

Mwandishi ni mwenzangu darasani. Tulikaa juu ya sanduku la vifaa, akaniambia kwamba hakubuni lolote la maana. Mama huyo yupo. Ni jirani ya bibi yake upande wa Masaka, na habari zake alizisikia utotoni, watu wazima wakimenya matoke na kudhani kwamba watoto hawasikilizi. Alibadilisha jina, akabadilisha kijiji, akapunguza idadi ya watoto. Sahani aliiacha kama ilivyo. "Nikiiondoa sahani, hakuna mchezo," alisema.

Nikamuuliza kama mwenyewe anajua.

"Hajui. Nikimuuliza, atakubali kwa sababu mimi ni mjukuu, au atakataa kwa sababu ya uchungu. Kwa vyovyote vile sitakuwa nimepata jibu la swali nililouliza."

Nimelifikiria sana jibu hilo, na bado naliona kuwa hoja nzito kuliko zote nilizozisikia wiki ile. Sisi tunaofanya utafiti tunafundishwa kuchukua ridhaa: mtu anasomewa karatasi, anatia sahihi, kazi inaendelea. Lakini mzee anapoulizwa na mtoto aliyemwona akizaliwa, anachojibu ni ule udugu. Anatazama nani kamwuliza, alikuja na nini mkononi, bibi yake atajisikiaje. Sahihi yake inaweza kuwa ya adabu tu. Kwa hiyo mwenzangu aliona ni heri asiulize kuliko kuuliza kwa unafiki. Akaniomba niandike katika kijitabu kwamba hadithi ni ya kubuni. Niliandika.

Mwongozaji hakunipa zaidi ya dakika tano. Alikuwa akitafuta taa iliyopotea.

Aliyecheza mama ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Alinieleza kwamba wiki ya kwanza ya mazoezi machozi hayakuja, mpaka alipoanza kumfikiria baba yake, aliyefariki alipokuwa shule ya sekondari. Alikuwa anafumba macho, anakumbuka viatu vya baba vilivyobaki mlangoni, machozi yanakuja. Hii ni njia inayojulikana. Mwalimu wa maigizo wa Urusi, Stanislavski, aliwafundisha waigizaji kuchota hisia katika kumbukumbu zao. Lakini yeye alisema kwamba kufikia wiki ya tatu hakuvihitaji viatu tena. Akifika kwenye mstari fulani anapoishika sahani, mwili wenyewe unalia. "Nikalia nikiwa sina huzuni yoyote," aliniambia. "Ndipo nilipoona aibu. Nilijiuliza, sasa haya machozi ni ya nani? Si ya baba, wala si ya yule mama."

Mfaransa Diderot aliwahi kudai kwamba mwigizaji bora ni yule asiyehisi kitu, kwa kuwa aliyezama katika hisia hawezi kurudia jambo lile lile kila usiku kwa usahihi. Kwa hoja hiyo mwenzetu alikuwa ameiva. Sikumwambia. Nilihisi kwamba aibu yake ilikuwa inajua kitu ambacho Diderot hakukigusa: yeye aliuliza ufundi ni nini, na dada huyu alikuwa anauliza deni analipwa nani.

Aliyecheza askari ni mpole kuliko wenzake wote. Alicheka nilipomuuliza kama maneno yake yalikuwa magumu. Toka nje! Lala chini! Funga mdomo! Alisema kila mtu aliyekulia Uganda anakijua Kiswahili hicho, kwa sababu wazazi wetu hukiiga wanaposimulia enzi zile. Simulizi lote linakwenda kwa Kiganda au Kisoga au Kiacholi, likifika kwa askari linageuka Kiswahili. Mistari iliyomshinda ilikuwa ile ya upole aliyopewa kama jirani, maana alicheza sehemu mbili. "Sikuwahi kusikia mtu akibembelezwa kwa Kiswahili nyumbani kwetu."

Hapo ndipo nilipoona jambo tulilokuwa tumelipita sote. Katika mchezo wetu mama anamlilia mwanawe kwa lugha ya waliomchukua. Hatukuligundua kwa kuwa kwetu sisi Kiswahili ni lugha ya Shaaban Robert na ya mitihani. Ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu Katiba irekebishwe mwaka 2005, lakini Katiba haiingii jikoni kwa watu. Nakiri pia kwamba Masaka ina historia yake na lugha hii isiyonyooka: kwa Kiswahili watu walichukuliwa, na kwa Kiswahili majeshi ya Tanzania yaliingia mji huo mwanzoni mwa 1979, yakiwa njiani kumwondoa Amin. Mji ukabomolewa kwa mabomu na ukakombolewa kwa mkupuo mmoja. Mama huyo aliisikia lugha yetu mara mbili. Sikujua ni ipi inayomrudia usiku.

Nilianza kutafuta mifano ya kunisaidia. Byron Kawadwa alikuwa kiongozi wa jumba letu la taifa la maonyesho hapa Kampala. Mchezo wake wa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, unamtaja jogoo katika jina lake, na waliotazama hawakuhitaji kuambiwa kwamba habari ni ya wanaogombea madaraka. Mwaka 1977 ulionyeshwa Lagos katika tamasha kubwa la sanaa la watu weusi. Muda mfupi baada ya kurudi, alikamatwa na watu wa serikali ya Amin na kuuawa. Katika nchi yetu, basi, mwandishi kuficha kweli ndani ya mafumbo si woga wala hila. Ni njia ya kubaki hai. Mwenzangu alilitumia jambo hilo kujitetea. Lakini kuna tofauti. Kawadwa alifumba ili kumkwepa mwenye bunduki. Sisi tulibadilisha majina ili kumkwepa bibi kizee ambaye hana silaha yoyote isipokuwa uwezo wa kusema, "Hapana, hivyo sivyo ilivyokuwa."

Mwaka huo huo wa 1977, huko Kamiriithu nchini Kenya, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walifanya kinyume chake. Rasimu ya Ngaahika Ndeenda ilipelekwa kwa wanakijiji, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, nao wakairekebisha: mzee hasemi hivi, kazi ile haifanywi vile. Serikali ilipiga marufuku maonyesho baada ya majuma machache, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mimi linalonivutia ni lile la mwanzo, kwamba wenye maisha yanayochezwa walipewa nafasi ya kusahihisha.

Pengine basi mwenyewe apande jukwaani aseme? Limefanyika. Katika Rwanda 94, mchezo wa karibu saa sita uliotengenezwa na kundi la Groupov la Ubelgiji pamoja na wasanii wa Rwanda, wa kwanza kusema ni Yolande Mukagasana, muuguzi aliyepoteza mume na watoto wake watatu katika mauaji ya kimbari ya 1994. Anakaa kitini, anasimulia yaliyompata. Hapo hakuna anayeweza kulalamika kwamba kumetokea wizi. Hata hivyo mtu huyo analazimika kulifunua kaburi lake usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Mwigizaji yupo duniani kwa sababu mzigo wa namna hiyo ni mzito mno kwa mwenyewe peke yake. Nikajiambia, mwigizaji ni mpagazi. Halafu nikakumbuka kwamba mpagazi hupewa mzigo na mwenyewe na kuonyeshwa unakokwenda. Anayeuchukua barazani mwenye nyumba akiwa amelala ana jina jingine.

Tulicheza Ijumaa na Jumamosi. Watu walilia, wakapiga makofi, tukaombwa turudie wiki iliyofuata. Jumatatu nilimwambia mwenzangu kwamba mimi nakwenda Masaka, awepo asiwepo. Alikasirika, halafu asubuhi ya Jumatano nilimkuta kwenye kituo cha teksi na mfuko wa sukari na miche miwili ya sabuni. Hatukuzungumza mpaka tulipoipita Ikweta pale Kayabwe.

Mama huyo amekaribia miaka tisini. Tulimkuta uani akichambua kahawa mkekani. Nilipiga magoti, tukasalimiana kwa Kiganda salamu ndefu zote, tukaulizwa habari za watu wa Kampala kana kwamba tunawajua wote. Kisha mwenzangu akamwambia. Alisema vibaya, kwa kurukaruka, lakini alisema yote: askari, usiku ule, sahani.

Jjajja hakuacha kuchambua. Akauliza anayecheza mwanawe ni kijana wa namna gani. Tukasema haonekani, watazamaji wanasikia sauti tu. Akatikisa kichwa kukubali. Akauliza, "Na chakula?"

Mwenzangu akaeleza kwamba kinafunikwa mpaka mwisho.

"Halafu?"

Hatukuelewa. Akarudia: taa zikizimwa, chakula kile kinakwenda wapi? Ilibidi tuseme kweli. Ilikuwa posho ya Alhamisi. Ilitumika usiku wa Ijumaa, ikatumika usiku wa Jumamosi, kisha ikatupwa.

Hapo mikono yake ilisimama. Alisema kwamba chakula kile hakikulala siku mbili hata mara moja. Kila asubuhi alikipasha moto na kumpa mtoto wa kwanza aliyepita kwenda shule, miaka yote, mpaka miguu ilipomshinda kupika. Akamtazama mwenzangu. "Wewe pia ulikula. Ulikuwa unapenda kilichogandia majani."

Mwenzangu alikumbuka. Aliniambia baadaye kwamba likizo zote za utotoni alikuwa akipita pale asubuhi kwa sababu jirani yule alikuwa mkarimu. Kati ya habari zote alizozisikia chini ya meza, hiyo haikuwemo.

Alijikaza akauliza alichokuja kuuliza: kama Jjajja anaturuhusu tuendelee. Akajibu, "Mmeshacheza." Sauti yake haikuwa na hasira, na siwezi kusema ilikuwa na ridhaa. Akaongeza kwamba tukicheza tena tupike siku ile ile, na mtu ale.

Mwenzangu alikuwa sahihi kwamba hatungepata ruhusa safi. Alikosea alipodhani kwamba ruhusa ndiyo pekee ya kutafutwa kule. Tuliligeuza swali zima kuwa mlango, umefunguliwa au umefungwa, na tukasahau kwamba nyuma ya mlango ana kitu cha kutuambia. Mchezo wetu ulionyesha mama aliyegandishwa na msiba. Mama tuliyemkuta alikuwa amelisha kijiji kwa sahani hiyo. Tulichukua machozi yake tukaacha kazi yake, na kosa hilo watazamaji mia mbili hawakuweza kulitambua, wala mimi katika mahojiano yangu yote, kwa kuwa niliwauliza watu wote isipokuwa yeye.

Kuhusu lugha sikumuuliza. Niliogopa, na hilo bado ni deni langu.

Ijumaa iliyofuata nilikaa mlangoni na kalamu nikikata maneno "hadithi ya kubuni" katika kila kijitabu. Nilitaka kuandika kitu juu yake, lakini kila sentensi niliyoijaribu ingewaongoza watu hadi uani kwa Jjajja. Nikaacha mstari uliokatwa peke yake. Watu kadhaa waliniuliza maana yake.

Matoke yalipikwa jioni ile katika chumba cha nyuma, na mchuzi wa karanga. Taa zilipozimwa na makofi yakaisha, sahani ililetwa nyuma ya pazia ingali na joto kidogo, tukaizunguka. Mwandishi alisema yeye alishakula sehemu yake. Aliyecheza mama hakutaka kuigusa. Aliyecheza askari alikuwa hajala tangu asubuhi, akanyosha mkono, na wawili wakamkemea kwa pamoja: mtu yeyote, lakini si wewe. Akauliza, kwani Jjajja alisema mtoto gani? Tukasema, yeyote anayepita.

Aliyecheza mama akamwambia avue kwanza koti la jeshi. Akalivua, akanawa mikono, akala.