Tuiheshimu bendera kwa sababu gani?

Kila asubuhi, mbele ya masomo na biro za serikali za Butembo na Beni, bendera inapandishwa, na mutu mwenye anapita njiani anapashwa kusimama. Wengi wanajiuliza: tunasimamia nini? Kitambaa, serikali, ao inchi? Ulizo hili si muchezo, kwa sababu kwetu watu wengi wameuawa chini ya bendera hii hii.

Tukumbuke kwanza historia. Nyota ya manjano juu ya buluu ilianza mwaka 1877, katika shirika la Leopold II, mufalme wa Ubelgiji. Babu zetu hawakuulizwa. Ikawa bendera ya dola lake mwaka 1885, halafu ya Kongo ya Wabelgiji mpaka 1960. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, kulikuwa nyota ndogo sita pembeni, moja kwa kila provinsi. Kivu nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1963 ukaja mustari mwekundu. Mwaka 1971 Mobutu akaita inchi Zaïre, na bendera ikawa ya kijani yenye mukono unaoshika mwenge, alama ya chama chake MPR. Mutoto wa masomo alidhani anasalimia inchi, kumbe anasalimia chama. Mwaka 1997 nyota sita zikarudi, na mwaka 2006 ikaja bendera ya leo.

Kwa hiyo muzee mwenye alizaliwa mbele ya uhuru ameona bendera ikibadilika mara tano kwa uchache. Ruwenzori haikuhama hata mara moja. Basi bendera si inchi yenyewe. Ni neno ambalo wakubwa wanasema juu ya inchi.

Neno la leo linasema nini? Katiba ya 2006, yenye raia walipigia kura katika referandumu ya Desemba 2005, inaitaja bendera katika kifungu cha kwanza, pamoja na kichwa cha chui na maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Tunafundishwa kwamba buluu ni amani, nyekundu ni damu ya mashujaa, manjano ni utajiri.

Hapa ndipo moyo unauma. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa mashambani na vijijini. Mutu akisema, "Buluu hiyo inatudanganya", tumujibu nini?

Butembo ni muji wa wafanya biashara, na kila mufanya biashara anajua jambo hili: mwenye kudai hapasui karatasi ya deni. Akiipasua, ni mwenye deni ndiye anafurahi. Ahadi isiyotimizwa inabaki deni. Mwezi wa Desemba 2018, Beni na Butembo ziliondolewa katika uchaguzi wa rais, sababu ikitajwa kuwa Ebola na usalama mubaya. Tarehe 30, watu wa Beni walipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe, ijapokuwa walijua haitahesabiwa. Hawakukataa inchi, waliidai.

Lakini heshima ya namna hiyo haitoki kwa woga. Mwenye silaha akimutoza faini mupita njia kwa sababu hakuona bendera ikipanda, anaiuzisha bendera. Anafundisha raia kuichukia.

Na sisi pia tuna deni. Neno Haki haliko kwa wakubwa peke yao. Mwenye kupunguza kipimo sokoni, ao kumunyang'anya mujane shamba la bwana yake, anavunja bendera ile ile anayosimamia asubuhi.

Basi tusimame, lakini tujue sababu. Walimu waeleze watoto maana ya kila rangi, na historia yake yote, hata ile ya mwenge. Mutoto anayejua ahadi iliyoandikwa pale juu, kesho atajua nini cha kudai na kwa nani.