Pampu Mbili na Raki Moja

Miezi ya Juni na Julai Mbeya kuna baridi kweli, na dereva wa Hiace anayewasha gari alfajiri pale Mbalizi husikia mambo ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hayasikii. Moja ni mngurumo wa pampu ya pawa stelingi. Oili ikipoa huwa nzito, pampu huivuta kwa taabu, basi hulalamika kidogo mpaka injini ipate moto. Ikinyamaza baada ya dakika chache, hakuna neno. Hiace ya kisa hiki haikunyamaza. Ilinguruma Mbalizi, ikapanda Iwambi inanguruma, ikaingia Mwanjelwa bado inalia, na kila dereva alipokata kona sauti ilizidi.

Konda ndiye aliyesema kwanza. "Kaka, hii pampu inalia." Dereva akamjibu kwamba tajiri anataka hesabu, hataki habari za milio.

Tusimhukumu haraka. Nusu saa ya gereji ni tripu nzima imepotea, na jioni tajiri hapunguzi hata shilingi. Dereva alifungua boneti, akaona oili kwenye kopo iko chini ya alama, akachukua kilichokuwa karibu: chupa ya mafuta ya breki iliyokuwa chini ya kiti. Akajaza. Mlio ukapungua, na wote wakaamini kazi imekwisha.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza hasa. Pampu hii ndani yake ina rota yenye vibapa vyembamba vinavyozunguka na kusukuma oili kwa presha kubwa kwenda kwenye raki. Haina oili yake ya pembeni ya kuilainisha. Inalainishwa na ileile inayoisukuma. Toyota nyingi za zamani zinatumia ATF ya Dexron II au III, ile nyekundu ya gia boksi ya otomatiki, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki. Honda wana oili yao wenyewe, na kuna gari nyingine zenye masharti yao, kwa hiyo kinachoaminika ni maandishi ya kwenye kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Mafuta ya breki ni kitu kingine kabisa. Sili za pawa stelingi zimetengenezwa kukaa ndani ya oili inayotokana na mafuta ghafi. Zikikutana na mafuta ya breki zinavimba, zinalainika, kisha zinaachia. Wiki kadhaa baadaye Hiace ikaanza kuacha doa chini kila ilipoegeshwa.

Ikapelekwa kwa fundi. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa: "Bosi, pampu imekufa. Tafuta nyingine." Tajiri akanunua pampu ya mtumba, ikafungwa siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, na kila mtu akasifu kasi ya fundi. Mimi kasi ya namna hiyo hunitia shaka. Pampu ya zamani ilikuwa imeshasagika, na unga wake wa chuma ulikuwa umetapakaa kwenye mipira, kwenye raki na kwenye chujio dogo lililo chini ndani ya kopo, lile ambalo wengi hawajui hata kama lipo. Fundi hakusafisha chochote. Alirudisha washa za shaba zilezile kwenye bolti ya paipu la presha, ingawa zikishabanwa mara moja hazizibi tena vizuri. Puli aliigongelea kwa nyundo badala ya kutumia kifaa cha kuikandamiza, na kila pigo lilikwenda moja kwa moja kwenye shafti na vibapa vya pampu iliyokuwa bado haijafanya kazi hata dakika moja.

Pampu hiyo ikafa gari likiwa na abiria, likipunguza mwendo kuingia kituoni. Usukani ukawa mzito ghafla, abiria wakapiga kelele kwamba stelingi imekatika. Haikukatika. Usukani umeungana na magurudumu kwa vyuma, na pampu kazi yake ni kusaidia tu. Kabla ya Chrysler kuuza gari la Imperial lenye msaada huo mwaka 1951, wenye magari madogo walikuwa wakikata kona kwa nguvu za mabega yao. Hatari inampata yule aliyezoea wepesi, ambaye hupoteza sekunde moja akishangaa. Huyu alikuwa kwenye mwendo mdogo, akapona.

Ikaja pampu ya pili ya kununua, na safari hii raki nayo ikaanza kuvuja, kwa kuwa sili zake zilishaliwa na mafuta ya breki na kuchubuliwa na ule unga wa chuma. Raki ilikula pesa kuliko pampu zote mbili.

Fundi aliyeimaliza kazi hiyo ni mzee wa gereji nyingine, na alianza kwa kufungua kopo kabla hajagusa spana. Oili yenye afya ni nyekundu na angavu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Ikiwa na povu, kuna upepo unaingia, na mara nyingi unapitia kwenye mpira wa kutoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Klipu ya mpira huo ikilegea, upepo unavutwa ndani huku nje halidondoki hata tone, na pampu nzima yaweza kulia kwa sababu hiyo tu. Mkanda nao una sauti yake: ukilegea hupiga ukelele mfupi mkali unapokata stelingi, mngurumo unaofuata mzunguko wa injini ndio wa pampu.

Alibadilisha kopo, akasukuma ATF mpya kwenye mipira mpaka iliyotoka ikawa safi, akaweka washa mpya. Kisha akapiga jeki magurudumu ya mbele yaning'inie, na injini ikiwa imezimwa akazungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara nyingi, akiongeza oili kila iliposhuka, mpaka mapovu yakaisha. Ndipo akawasha. Kutoa upepo namna hiyo kunachosha mikono, na ndiyo sababu hatua hii hurukwa.

Akamwonya dereva pia juu ya tabia ya kukata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo huku konda akiita abiria. Presha inafika kileleni, oili inachemka, pampu inaungua. Ukifika mwisho, achia kidogo.

Kwa tajiri mwenye Hiace barabarani, ombi langu ni dogo: dereva akikupigia kwamba pampu inalia, mpe nusu saa ya gereji na uikate kwenye hesabu ya siku hiyo. Usipomkatia, hatakupigia.