Nani Tasa?

Shuleni tulikariri 2, 3, 5, 7, 11, 13: namba tasa, zisizogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa zenyewe. Sikumbuki mtu akiuliza kwa nini hisabati ilikopa neno ambalo mitaani kwetu Tabora hutupiwa mwanamke asiyezaa. Shangazi yangu aliitwa hivyo, tena mbele ya watoto wa kaka yake.

Kwangu mimi neno hilo limewekwa kichwa chini, miguu juu. Chukua 12: ni 2 mara 2 mara 3. Vigawo hivyo si watoto wa 12, ni wazazi wake. Namba tasa haikukosa watoto, ilikosa wazazi. Kila namba nzima inayozidi moja ama ni tasa, ama imezaliwa na namba tasa.

Fikiria msafara wa zamani, njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Mizigo 12 wapagazi wawili, watatu, wanne au sita wataigawana sawa kwa sawa. Iwe 13, hakuna kundi kati ya hayo litakaloigawana bila mmoja kulalamika. Mwaka 1872, Livingstone alipokaa Kwihara akisubiri wapagazi kutoka pwani, ilikuwa imetimia miaka 100 tangu Euler athibitishe kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Hizo ni mbili 31 zilizozidishwa pamoja, ukatoa moja.

Oktoba 2024 ilitangazwa iliyo kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi hapo, aliyoigundua Luke Durant wa Marekani: mbili 136,279,841 zizidishwe pamoja, utoe moja. Ina tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu 3,000 kwa ukurasa, andaa kurasa zaidi ya 13,000. Namba tasa za tarakimu mamia hulinda siri za benki. Hii ni kubwa mno kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana naipenda. Ukitaka kumtetea shangazi, hoja iliyo karibu ni faida: amelea watoto wa ndugu, amewalipia ada. Ni kweli yote. Lakini utetezi huo unatumia mizani ileile ya wanaomsema, unabadilisha tu kinachopimwa. Je, asingelea mtu yeyote? Namba ya Durant ilikuwa kamili kabla ya kugunduliwa, na haitudai matumizi ili iendelee kuwa kamili. Kwa nini mtu adaiwe zaidi ya namba?

Utaniambia namba si mtu. Sawa, na tofauti kubwa ni kwamba namba haisikii inavyoitwa. Ukiiita 13 tasa, umeeleza jinsi inavyogawanyika. Ukimwita mwanamke tasa, umemhukumu kwa kitu kimoja na kufuta vingine vyote. Kwa hiyo sina ugomvi na vitabu vya hisabati, neno na libaki humo. Ila mtaani, shangazi ana jina, na wote wanaomsema wanalijua.