Kungoja Bila Kujua

Mtu aliyetibiwa kansa ya mapafu kwa mionzi hupigwa picha tena. Pengine kivuli chaonekana. Je, ni ugonjwa uliorudi, au ni kovu la mionzi? Hata mganga hodari huenda asijue siku ile; husema: «Rudi baada ya miezi 3.» Maana mara nyingi kovu hutulia, bali kansa hukua.

Basi, mgonjwa afanyeje? Akisema «nimepona», asema asilolijua. Akisema «nimekwisha», vilevile. Neno la kweli ni hili: «Sijui bado.» Lakini asiyeijua kesho aijua leo: shamba lapaliliwa leo, deni lalipwa leo, mtoto afundishwa leo.

Nasi wazima tusimshurutishe kusema amepona ili mioyo yetu itulie. Tuketi naye, tungoje pamoja.