Sikio la Shirika

Ludwig von Bertalanffy, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alifundisha kwamba kiumbe hai hakijitoshelezi. Hupokea kutoka nje, hutoa, na kwa kupokea na kutoa hudumu. Shirika la watu nalo ni hivyo. Ofisi ya uhusiano ni mlango wake. Lakini mlango ufunguliwao kwa kutoa maneno tu, wala si kwa kuyapokea, hautimizi kazi ya mlango.

Mwaka 1982, huko Chicago na vitongoji vyake, watu 7 walikufa kwa kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Sumu haikuwa kosa la Johnson & Johnson; hata hivyo kampuni hiyo iliondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kisha ikairudisha dawa katika chupa zilizozibwa upya, ili aliyezigusa asijifiche. Hofu ya watu iliingia ndani ikabadili kazi.

Yamkini mtu atasema kuwa hiyo ilikuwa hesabu ya faida. Huenda faida ilikuwamo. Lakini usikivu wa haki hupimwa kwa swali moja: nani amebadilika? Shirika lisikilizalo ili kuwageuza wengine, lenyewe lisikubali kugeuka, lina sikio la mwindaji, si la jirani. Sikio la kufa halisikii dawa.