Amana Isiyorudishika

Ufunguo wa kidijitali, uwe namba ya siri ya M-Pesa au maneno 12 au 24 ya kufungulia pochi ya bitcoin, humtoka mwenyewe kwa njia mbili: kuibwa na kupotea. Kinga ya moja huikaribisha nyingine. Ukihifadhiwa kichwani tu, mwizi hana pa kuupekua, lakini mwenyewe akifa umezikwa naye.

Huko Fizi, mashariki mwa Kongo, hatari ya kupotea si ya kudharau. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha watu wa mji wa Baraka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu. Safari za boti za kuwarudisha zilianza 2005. Ushauri wa kufungia maneno hayo ndani ya kasha la chuma nyumbani hutolewa na watu ambao nyumba zao hazijawahi kuhamwa usiku.

Ndiyo maana siri hukabidhiwa mtu. Mama asiyejua kusoma humtajia mwanawe namba yake ya tarakimu nne, au wakala wa M-Pesa chini ya mwavuli, na mara nyingi hakuna linaloharibika. Fikihi ya Kiislamu ina hukumu zake juu ya jambo hili. Mtunza amana asiyezembea halipi ikipotea; aliyezembea hulipa. Kwa Mashafii, walio wengi kati ya Waislamu wa Afrika Mashariki, haruhusiwi kumpa mwingine bila udhuru. Wanasira husimulia kwamba Mtume alipohama Makka mwaka 622, Ali bin Abi Talib alibaki kurudisha amana za watu.

Lakini hukumu hizo zinahusu kitu kinachorudishika. Mbuzi akirudi kwa mwenyewe, mtunzaji hana mbuzi tena. Namba iliyotajwa hubaki kwa aliyeisikia, hata akiwa mwaminifu. Ya simu hubadilishwa, maana daftari liko kwa kampuni. Ya bitcoin haibadiliki: fedha zote huhamishiwa ufunguo mpya, na aliyeusahau wa zamani hana ofisi ya kulalamikia.

Mwaka 1979 Adi Shamir, mtaalamu wa usimbaji fiche, alionyesha jinsi ya kugawa siri vipande, kwa mfano vitatu, viwili vyovyote vikatosha kuifungua, kimoja kisiseme lolote. Kimoja kikae Baraka, kingine Uvira kwa shangazi, cha tatu Nyarugusu: kila ndugu anashika amana asiyoweza kuihini peke yake. Wawili wakila njama, hata hivyo, wameshaiba. Na mtandao ukikatika siku ya haja, akiba haifikiki. Usumbufu huo unastahili akiba ya miaka. Muuza ndagala anayelipa wavuvi alfajiri, namba yake kichwani inamtosha.